Waraka ni Nusu ya Kuonana

Wananchi wenzangu wa Msambweni, nanyi mnaosoma haya kutoka Vanga hadi Likoni, nina ombi moja. Kabla sijalitaja, niulize: je, unamjua mtu ambaye usiku wa leo atalala gerezani?

Huna haja ya kujibu kwa sauti. Najua si neno la kutajwa barazani mbele ya kahawa. Lakini katika vijiji vyetu, iwe Milalani, Gazi, Munje au Ramisi, hakukosi nyumba ambayo mama akipakua chakula cha jioni hufika mahali akasita, upawa ukabaki hewani, kisha akaendelea. Pana sahani moja haina mwenyewe. Mwenye sahani hiyo ndiye ninayetaka tuzungumze habari zake.

Ombi langu ni hili: mwandikie barua.

Sisemi ujumbe wa simu, kwa sababu mfungwa haruhusiwi kuwa na simu mkononi. Wala sisemi salamu za kutumana, zinazopotea njiani kabla ya kufika Ukunda. Nasema barua ya karatasi, yenye jina lake juu na jina lako chini. Na akikujibu, umjibu tena.

Kwa nini barua, katika zama hizi? Turudi nyuma kidogo. Mnaikumbuka Machi 2020?

Tarehe 13 mwezi huo Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye shule ziliagizwa zifungwe. Mahakama zikapunguza kazi, mahabusu wakawa hawaletwi tena kortini, na ziara za magerezani zikasitishwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha tarehe 8 Aprili, saa moja jioni, Kwale yetu pamoja na Mombasa na Kilifi zikafungwa. Hakuna kuingia, hakuna kutoka.

Hoteli za Diani zikazima taa. Wapishi, wahudumu, wasusi, madereva wa teksi na vijana wa ufuoni wakarudi vijijini na mabegi yao. Kwale ilifunguliwa mapema Juni, Mombasa ikangoja hadi Julai, na kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka Oktoba 2021.

Sisi tulioyapitia hayo tukiwa nje tulisema tumefungwa. Tulilisema neno hilo kila siku, mnakumbuka? "Tumefungwa." Je, wangapi kati yetu tulikaa tukamfikiria aliyekuwa amefungwa kweli?

Mama mwenye mtoto gereza la Shimo la Tewa, karibu na Mtwapa, alikuwa amefungiwa mara mbili. Lango la gereza halikumpokea, na hata lingempokea, barabara ya Likoni ilikuwa imezuiwa. Mwenye mtoto gereza la Kwale hakuhitaji kuvuka feri, lakini naye hakuwa na pa kupita. Miaka yote ya nyuma alipanda matatu hadi Ukunda, akapanda nyingine kupitia Kombani, mpaka Kwale mjini, akiwa na sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko. Ghafla safari ile ikakatika.

Naomba nieleweke. Kufunga lango kulikuwa kuokoa roho za watu. Magereza ya nchi yetu yana zaidi ya watu 50,000, wengi kuliko nafasi zilizojengwa, na sehemu kubwa ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Tuliambiwa tukae mbalimbali, mtu na mwenziwe mita moja au zaidi. Nyumbani tuliweza, kwa taabu. Je, mahali ambapo watu hulala ubavu kwa ubavu wangewezaje? Ugonjwa ungeingia mle kama moto kwenye makuti. Ndiyo sababu mahakama, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ziliyapitia upya majalada ya wenye makosa madogo na kuwaachilia zaidi ya watu 4,800 katika majuma machache tu.

Kwa hiyo simlaumu mtu. Askari wa gereza naye ana mama, naye alikuwa na hofu. Ninachosema ni kwamba lango lilipofungwa, kilibaki kitundu kimoja ambacho ugonjwa haukukiziba, na wengi wetu hatukukitumia. Karatasi haikohoi.

Wazee wetu walikuwa na msemo: waraka ni nusu ya kuonana. Nani kati yenu hajawahi kuuona msemo huo ukiandikwa kwenye barua za zamani?

Nilikuwa mwandishi wa barua wa mtaa wetu. Hiyo ni miaka ya themanini, nimetoka shule karibuni, mwandiko wangu unasomeka. Kina mama walikuja baada ya sala ya alasiri, wakaketi kwenye kigoda, wakaniambia maneno ya kuwaandikia waume zao waliokuwa bandarini Mombasa, au watoto wao waliokuwa Saudia na Omani. Wote walianza namna moja. Salamu sana. Ama baada ya salamu, natumai hujambo wewe pamoja na wote ulio nao hapo. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali nasi.

Ujanani nililiona neno hilo kuwa la mazoea. Nililiandika bila kulifikiri, nikingoja maneno yenyewe yaanze. Hofu ni kwako. Mwaka 2020 ndipo nilipolielewa.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa na mwanawe mahabusu. Kosa aliloshtakiwa nalo silitaji, ni la mahakama, na jina la gereza pia niliache. Kila baada ya wiki mbili alikwenda kumwona. Lango lilipofungwa alikaa karibu mwezi mzima hajui mwanawe ana hali gani. Redio ilisoma hesabu kila siku, ya wagonjwa na ya waliofariki, na kila hesabu aliyoisikia aliona mwanawe yumo.

Jioni moja, kafyu ikikaribia, alikuja kwangu na karatasi aliyoichana kwenye daftari la mjukuu wake.

"Mwalimu, niandikie."

"Nimwambie nini, mama?"

Alifikiri kidogo. "Mwambie nyumbani hapajaharibika."

Tukaanza hapo. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweusi na mmoja ana baka jeupe usoni. Paa la upande wa jikoni limeezekwa makuti mapya kabla ya mvua. Mpapai alioupanda yeye umepita dirisha. Bibi goti linamsumbua lakini anaswali kwa kukaa. Maji ya kisima ni matamu mwaka huu. Akipata chochote cha kula asile peke yake. Zilijaa kurasa mbili. Nilipomaliza kumsomea, alinyamaza, kisha akasema: "Ongeza hapo chini. Mwambie sijakasirika naye."

Niliongeza.

Jibu lilikawia. Mama akaanza kusema kwamba barua haikufika, kwamba labda hakuna wa kuisoma. Lilipokuja, bahasha ilikuwa imefunguliwa na kukaguliwa, kama kanuni inavyotaka. Kijana aliandika kwamba ile barua yetu ilikuwa imechanika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Wenzake wa bweni moja, ambao wao hawakupata hata mstari, waliiomba waisikie. Akawasomea. Na mzee mmoja wa bara, mtu ambaye hajawahi kuiona Msambweni, alikuwa akimuuliza kila asubuhi: wale mbuzi wamefikia wapi?

Unaona, ndugu msomaji? Watu wazima, katikati ya ugonjwa uliotikisa dunia, walishika habari za mbuzi wawili wa Msambweni. Walikuwa na njaa ya kitu kinachokua.

Kesi ya kijana yule iliisha, naye akarudi. Nilikuwapo siku aliyofika. Hakuingia kwao kama mgeni. Alijua paa lipi ni jipya. Alimtambua mbuzi mwenye baka. Alipomkumbatia mama yake hakuwa na haja ya kuuliza kama amesamehewa, kwa sababu alikuwa amelisoma neno hilo mara mia.

Sasa nawafikiria wale zaidi ya 4,800 walioachiliwa mwaka ule. Wangapi walifika vijijini mwao wakiwa hawajui nani amekufa na nani amezaliwa, na nani bado anawapenda? Mtu akitoka jela baada ya kimya cha miaka, hata akipokewa vizuri, huwa kama aliyeshuka kwenye chombo katika bandari asiyoijua. Barua huanza kumrudisha nyumbani kabla mwili haujarudi.

Waislamu na Wakristo sote tunaijua habari ya Nabii Yusuf. Alifungwa bila hatia. Akiwa ndani alimfasiria ndoto mwenzake aliyekuwa karibu kutoka, akamwomba akifika kwa bwana wake amtaje. Yule mtu akatoka. Akarudi kwenye kazi yake nzuri. Akasahau. Yusuf akabaki gerezani miaka mingine.

Aliyemsahau Yusuf hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shughuli zake, kama wewe na mimi. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tusemavyo, na msemo huu ni wa kweli mno pale mtu anapokuwa nyuma ya ukuta. Tusiuache uwe wa kweli kwa watu wetu.

Na hakuna anayetukataza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 51, inasema aliye kizuizini bado ana haki zake, isipokuwa zile zisizopatana na hali yenyewe ya kufungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, zinataka mfungwa awasiliane na jamaa na marafiki zake mara kwa mara, na njia ya kwanza kutajwa ni kuandikiana. Nelson Mandela mwenyewe alijua kwa nini. Alipoanza kifungo chake kisiwani Robben aliruhusiwa barua moja tu kila miezi sita.

Hapa kwetu pwani tunaye Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa ajili ya waraka alioutunga kuiuliza nchi inakwenda wapi. Gerezani alinyimwa karatasi. Mashairi aliyoyatunga aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Watoto wetu wameyasoma shuleni. Nikikumbuka habari hiyo huiangalia karatasi iliyo mezani mwangu kwa jicho lingine. Mtu mmoja alikuwa tayari kuhatarisha mengi kwa ajili ya kipande chake, na mimi ninazo rimu kabatini.

Huko Italia, Machi ile ile ya 2020, ziara zilipokatazwa na hofu ya ugonjwa ikapanda, fujo zilizuka katika magereza mengi kwa siku chache, na watu 13 wakafa. Sitasema barua peke yake ingeyazuia hayo, yalikuwa na sababu nyingi. Lakini mtu aliyekatiwa habari za watu wake hujaza pengo hilo kwa mawazo, na mawazo ya gizani hayajawahi kuwa mazuri. Wewe mwenyewe, mtoto akichelewa kutoka Ukunda na simu haipatikani, huwaza nini?

Haya, tuseme umekubali. Kalamu iko mkononi. Utaandika nini?

Andika habari za nyumbani, zile ndogo ndogo. Usidhani ni upuuzi. Mwambie kaskazi imeanza kuvuma au kusi imekaza na ngalawa hazitoki Mkunguni. Mwambie korosho mwaka huu zimekuwaje, na mwembe wa nyuma ya choo umebeba au umepukutisha maua. Mtoto wake amepanda darasa gani, ameng'oka jino lipi. Nani ameoa. Timu yake inafanya nini. Kama kuna msiba, usimfiche, lakini usimwandikie kwa mstari mmoja mkavu. Mweleze nani alikuwapo, nani alishuka kaburini, nani alimtaja yeye katika dua.

Kukiwa na ugonjwa umeenea, mwambie mnavyojikinga, na nani yu mzima. Andika majina. "Sote hatujambo" haimtoshi aliye na hofu. Ataka kusikia Bibi hajambo, Mwanasha hajambo, Juma hajambo, mmoja mmoja, kama anayehesabu watoto usiku kabla ya kufunga mlango.

Muulize maswali. Hili wengi hulisahau. Barua isiyouliza kitu huwa kama mgeni asiyeketi. Muulize anajifunza nini, maana magerezani kuna karakana za useremala na ushonaji, na wapo wanaofanyia mitihani ya kitaifa humo humo. Muulize ushauri: shamba la mihogo tulipande tena pale pale au tuhamie juu? Mtu akiulizwa ushauri anajua bado ana kiti katika nyumba.

Usiandike habari za kesi. Barua husomwa na maafisa, na hiyo ni kazi yao halali, kwa hiyo mambo ya kesi mwachie wakili. Usifiche pesa wala kitu chochote ndani ya bahasha, utamtia mashakani unayempenda. Usiahidi usichoweza. "Nitakuja Jumamosi" ni neno dogo kwako, lakini yeye ataikalia Jumamosi hiyo tangu Jumatatu.

Juu ya bahasha andika majina yake yote matatu, namba yake ya kifungo au ya mahabusu kama unaijua, kisha Msimamizi wa Gereza na anwani yake. Namba huijui? Familia huwa nayo, au ulizia ofisi ya gereza. Weka ndani bahasha tupu yenye stempu na anwani yako, ili kujibu kusimwie vigumu.

Na kama hujui kusoma wala kuandika, je? Hata wale kina mama waliokaa kwenye kigoda changu hawakujua, na barua zao zilifika Omani. Mwombe mtoto wa jirani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akakaa nyumbani akingoja kazi, huyo ni mwandishi wa barua ambaye hajajijua. Kijana, nakuomba: Ijumaa moja au Jumapili moja kwa mwezi, kaa na kalamu nje ya msikiti au kanisa, useme yeyote mwenye jamaa gerezani aje. Watakuja. Mwanzoni watakuja jioni, kwa kujificha kidogo. Usiwaulize kosa. Andika tu.

Walimu wenzangu, nyinyi mna fursa ambayo wengine hawana. Pale Shimo la Tewa, karibu na gereza la watu wazima, kuna Borstal, mahali panapopokea wavulana wa miaka 15 hadi 17 kwa muda usiozidi miaka mitatu. Hao ni rika la wanafunzi wenu. Mvulana wa shule yako akipelekwa huko, kiti chake darasani kikibaki wazi, je, jina lake linafutwa tu katika orodha? Mwandikie wewe mwalimu wake wa darasa. Mwambie kiti kipo. Sijui ni neno gani lingine litakalomshika mtoto wa miaka 16 kama hilo.

Nawe mwajiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye karakana, mwenye mashua, uliyekuwa na kijana mchapakazi kabla hajaanguka: mistari mitatu yatosha. Mwambie randa yake ameshika mwingine kwa sasa, na akitoka aje mzungumze. Huahidi kazi. Unamwambia tu kwamba mlango haujapigwa misumari.

Kuna jambo gumu hapa, nami sitalikwepa. Wapo kati yetu walioumizwa. Aliyeibiwa ng'ombe, aliyepigwa, aliyefiwa. Ukiwa ni wewe, sikuombi uandike, na hakuna mtu wa kukulazimisha. Barua haimfutii mtu kosa lake wala haifupishi kifungo hata kwa siku moja. Lakini fikiria hili pamoja nami: yule mtu siku moja atarudi hapa hapa Msambweni, apite njia hii hii. Je, tungependa arudi akiwa amekaa miaka mitano na watu wanaomkumbuka, au miaka mitano na ukimya?

Wapo pia wasio na mtu kabisa. Yule mzee wa bara aliyeulizia mbuzi ni mmoja wao. Qur'ani inamtaja mateka pamoja na maskini na yatima katika wale wanaostahili kulishwa, na Injili inamhesabu aliye kifungoni pamoja na mwenye njaa na mgonjwa. Basi kikundi cha akina mama cha msikiti, au jumuiya ya kanisa, yaweza kumwendea imamu au kasisi anayehudumu gerezani, akawaambia ni nani hapati barua, mkaanza. Kwa mtu msiyemjua tumieni sanduku la posta la msikiti, la kanisa au la shule, wala si anwani ya nyumbani. Msiahidi fedha, msiahidi ndoa. Andikeni kama jirani mwema anavyozungumza juu ya ua: hujambo, huku mvua imenyesha, wewe je?

Wanaokaa kule ndani nao wana la kutupa. Barua ni ya kwenda na kurudi. Mama yule wa kwetu mwanzoni alidhani anampa mwanawe faraja. Alipopokea jibu akalala usiku mzima, mara ya kwanza tangu Machi. Mjukuu wake, aliyekuwa nyumbani kwa sababu shule zimefungwa, alijifunza kusoma mwandiko wa mtu kwa barua za mjomba wake. Na mimi nilijifunza maana ya maneno niliyoyaandika kwa watu miaka kadhaa bila kuyaelewa. Nani basi alikuwa akimsaidia nani?

Nawageukia nyinyi maafisa wa magereza, kwa heshima, kwa kuwa wengi wenu ni watoto wa nyumba hizi hizi. Najua mzigo wenu, na najua kila bahasha lazima mtu aifungue aisome. Tunawaomba tu barua isikae mezani. Kwa aliye ndani, siku tatu za barua kulala ofisini ni siku tatu za kungoja ambazo hakuhukumiwa.

Mtaniambia korona imepita, sasa malango yamefunguliwa na mtu aweza kwenda kutembelea. Kweli. Nendeni. Hakuna barua inayoshinda uso wa mtu. Lakini tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, naye aligunduliwa mpakani Taita-Taveta, jirani zetu wa pwani hii hii. Magonjwa hayajamaliza safari. Siku lango litakapofungwa tena, itakuwa vigumu kuanza kutafuta namba ya mfungwa, kuulizia anwani, na kujifunza kuandika tulichozoea kukisema. Anayeandikiana na mtu wake leo, siku hiyo ataendelea tu.

Basi leo jioni, kabla ya isha, nenda kwa yule jirani ambaye upawa wake husita. Usianze na habari za gereza. Ongea naye ya mvua na ya watoto. Kisha muulize polepole: "Mwanao namba yake ni ipi? Nataka kumpelekea salamu." Na uwe na kalamu mfukoni, kwa sababu atakuambia.